Makundi Mia na Ishirini na Saba

Kabla sijafungua mlango niliisikia. Ilikuwa sauti ya kuvuma, nyembamba na kali, kama mashine ya kusaga inayozunguka bila mahindi. Ilitoka ofisini kwetu Bigwa, na ofisini kwetu hakuna mashine ya kusaga. Nilitabasamu pale pale barazani, kwa sababu nilidhani ni sauti ya ushindi wangu.

Hafidha alikuwa amefika kabla yangu. Yeye ndiye mchambuzi wa takwimu wa mradi, ana shahada. Mimi nina cheti cha kidato cha nne, na kazi yangu ni kuingiza takwimu kutoka kwenye fomu. Alikuwa amesimama mbali kidogo na meza yangu, mikono nyuma, kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani.

"Severini, laptopu yako inataka kupaa," alisema. "Nimefungua madirisha isije ikagonga dari."

"Iache. Inafanya kazi."

"Tangu jana saa kumi?"

"Kazi kubwa haiishi upesi."

Aliinama akasoma kwenye kioo. "Imefika kundi la elfu nane na mia nne. Wewe una vigezo vingapi?"

"Saba."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kabla hajamaliza kucheka, ule mvumo ukakatika. Laptopu ilikuwa imejizima kwa joto, na programu yangu niliiagiza ihifadhi majibu mwishoni, siyo njiani. Saa kumi na sita za kazi zikaenda na moshi usioonekana.

Mradi wetu ulikuwa unapima kwa nini kabichi zinaoza milimani juu ya Mlali, ambako ndiko kwetu. Mashamba tisini na sita, na kila shamba lina vigezo saba: mbegu, samadi, nafasi kati ya mche na mche, zao lililotangulia, mfereji, saa ya kumwagilia, na mteremko, yaani kama shamba linatazama macheo au machweo. Kiongozi wetu, Dokta Mwinjuma, alikuwa amekwisha kuandika ripoti. Ripoti ilisema mwenye hatia ni mfereji: maji yanashuka na ugonjwa kutoka shamba la juu hadi la chini. Ijumaa ingesomwa mbele ya wakulima, kisha ingepelekwa kwa wanaotoa vibali vya maji. Mfereji ukishaandikwa hivyo, unafukiwa.

Mfereji huo ulichimbwa na wazee wa ukoo wa mama yangu, kwa majembe, ukikata mwamba mahali ambapo hata mbuzi hufikiri mara mbili. Mjomba wangu Alois ndiye anayeusimamia. Kwetu Uluguru mjomba ndiye mwenye neno; ardhi ninayoiita yangu nimeipata kwa mama, na mama aliipata kwa mama yake. Niliisoma ripoti wakati nachapa majedwali yake, na damu ikanichemka. Nikamfuata Dokta nikamwambia mfereji umeonewa. Akaniuliza nina ushahidi gani. Nikasema ninao.

Sikuwa nao. Nilichokuwa nacho ni jambo moja tu nililoliona kwenye majedwali. Dokta alikuwa amepima kila kigezo peke yake, halafu akaupima mfereji pamoja na kila kimoja cha vile sita. Makundi kumi na matatu, basi. Mfereji aliuita mahakamani kila siku, mara peke yake, mara na shahidi huyu, mara na yule. Wengine hakuwauliza wawili wawili mfereji ukiwa haupo.

Nikaapa nitapima makundi yote yanayoweza kufanywa na vigezo saba. Kila kundi ni swali: je, hivi vikikutana shambani, vinaeleza kuoza? Na kila swali ningeliuliza mara mia tano, kwa kuyachanganya mashamba upya, ili bahati isinidanganye. Lugha ya R, ile ya kuandikia programu za takwimu, nilijifunza mwenyewe, kwa simu, kama nilivyojifunza utenzi na shairi mwenyewe, kwa kuhesabu mizani vidoleni. Na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilipanga vigezo kama mtunzi.

"Umehesabu 'saa na mteremko' kuwa kundi moja," Hafidha alisema alipopata pumzi, "na 'mteremko na saa' kuwa kundi jingine."

"Ni tofauti. Ukigeuza maneno kwenye mshororo, kina kinahama."

"Hii si mishororo, kaka. Hii ni kujumlisha. Mbili na tatu, tatu na mbili, zote ni tano. Ndiyo maana una makundi elfu kumi na tatu na kitu. Hayazidi mia na ishirini na saba, basi."

"Usiniambie zaidi. Nitayaandika."

"Severini, kuna namna rahisi ya—"

"Nimesema usiniambie."

Siku hiyo nzima niliandika makundi kwenye daftari kwa mkono, nikifuta yaliyojirudia. Mara ya kwanza nilipata mia na kumi na tisa. Mara ya pili mia na thelathini na moja. Ninajua kutunga beti ishirini bila kukosa mizani hata moja, na vitu saba vilikuwa vimenishinda. Hafidha alipita nyuma yangu mara mbili na hakusema neno. Nilijua anatabasamu.

Jumatano tulipanda wote wawili milimani, kwa sababu fomu sita zilikosa kuonyesha mteremko na ilibidi tukatazame kwa macho. Kwa mjomba tulikuta kikao cha mfereji. Habari ya ripoti ilikuwa imefika; wakulima kama kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye mabenchi uani, wamenyamaza kama watu wanaosubiri kuchukua maiti.

Mimi nilianza benchi la kwanza, nikampa kila mmoja mkono, shikamoo kwa mkubwa na mambo kwa rika langu, mpaka wa mwisho. Hafidha ni binti wa mjini, amezoea ofisi. Alisimama mlangoni, akapunga mkono kwa heshima, akasema, "Shikamooni nyote."

Hakuna aliyeitika. Mjomba Alois alimtazama kwa upole.

"Binti, hapa kuna Rahel, kuna Castory, kuna Prisca pale," alisema. "Mtu anayeitwa Nyote hajafika bado."

Watu wakacheka, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Hafidha naye akacheka, akaanza benchi la kwanza. Nyuma yake akaja mzee mwingine, akamsalimu kila aliyekuwepo, pamoja na Hafidha. Kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, naye akazunguka vile vile. Kikao kilisubiri. Kwetu kikao husubiri salamu, hata kama nyumba inaungua.

Nilikuwa nimekaa nikitazama, daftari gotini. Nikaona kitu ambacho nimekifanya tangu nijue kutembea na sijawahi kukiona.

Aliyekaa haondoki. Anayekuja ndiye anayesalimu. Kwa hiyo hakuna wawili wanaosalimiana mara mbili, na hakuna wawili wanaorukana, hata wawe mia. Mtu hahitaji kukumbuka amemsalimu nani. Utaratibu wenyewe unakumbuka.

Basi vigezo vyangu vingeingia uani mmoja mmoja. Mbegu inaingia, inakaa peke yake: kundi moja. Samadi inaingia. Inasimama peke yake kwanza, kisha inajiunga na kila kundi ililolikuta limekaa: makundi sasa ni matatu. Nafasi inaingia, inasimama peke yake, inajiunga na kila moja la yale matatu: saba. Halafu kumi na tano. Halafu thelathini na moja. Halafu sitini na matatu. Wa saba anapomaliza kuzunguka, makundi ni mia na ishirini na saba, na hakuna kundi lililokuja mara mbili kwa sababu waliokaa hawakuinuka.

Niligeuza fomu tupu nikaandika programu nzima nyuma yake, mistari kumi na minne. Mjomba aliniuliza kama naandika kumbukumbu za kikao.

"Naandika salamu, mjomba," nilimjibu.

"Zikifaa kuuokoa mfereji, ziandike vizuri."

Alhamisi asubuhi nilikuwa ofisini kabla ya mfagizi. Niliinua laptopu juu ya matofali mawili ipate hewa. Juu kabisa ya programu, mahali pa maelezo ambayo kompyuta huyaruka bila kuyasoma, niliweka ubeti:

Mgeni huwasogea, kila mmoja mkono,
Huyu akishapokea, harudii lile neno,
Mwingine akitokea, huanza upya mfano,
Ndivyo watu huenea, pasiwe na msongano.

Hafidha alikuja akausoma, akahesabu mizani kwa vidole, midomo ikimchezacheza. Hakupata kosa.

"Endesha," alisema.

Programu ilizaa makundi kufumba na kufumbua. Mia na ishirini na saba. Hafidha akavuta kibodi kwake, akaandika mstari mmoja, na orodha nyingine ya makundi ikatokea, nayo mia na ishirini na saba.

"Nini hicho?"

"Ndiyo ile namna rahisi niliyotaka kukuambia juzi. Ndani ya R imo kazi iliyotengenezwa tayari. Unaipa vigezo na ukubwa wa kundi, inakupangia."

Nilimtazama. Nilihisi masikio yakiwaka.

"Ulikataa kuambiwa," alisema. "Na sasa unajua ndani yake mna nini. Mimi nimeitumia miaka mitano na leo, kwa ubeti huu, ndiyo mara ya kwanza nimeielewa. Tulia, tulinganishe."

Tulilinganisha kundi kwa kundi. Orodha hazikutofautiana hata mahali pamoja. Tukaipanga orodha: kwanza wapweke, kisha wawili wawili, kisha watatu watatu, hadi lile kundi moja la wote saba; na ndani ya kila ukubwa, lenye kosa dogo, yaani lililokisia kuoza vizuri zaidi, likae juu. Robo saa laptopu ilivuma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayechemsha chai. Kisha ikanyamaza.

Miongoni mwa wapweke, mfereji ulikuwa juu. Lakini kwenye wawili wawili, juu kabisa, mbali na wengine, walikuwa wamekaa wawili ambao Dokta hakuwahi kuwaita pamoja: saa ya kumwagilia na mteremko. Na tulipowashukia watatu watatu, ule mfereji ukiongezwa kwa hao wawili haukupunguza kosa hata chembe. Ulikuwa mtu aliyekutwa tu karibu na mahali pa wizi.

Hafidha alisema polepole, "Shamba la macheo. Jua linaliacha mapema, saa tisa tayari ni kivuli. Ukilimwagilia jioni, majani yanalala na maji."

"Yanaoza," nilisema.

"Yanaoza. Kwa mfereji, kwa bomba, hata kwa ndoo."

Dokta Mwinjuma aliingia saa nne. Nilimpa shikamoo na karatasi kwa pumzi moja. Alivaa miwani akasoma akiwa amesimama, na alipomaliza hakukasirika, jambo lililonitisha zaidi.

"Kazi safi," alisema. "Ila nikuulize, kijana. Ukiurushia mwembe mawe mia na ishirini na saba, litakosekana jiwe moja la kuangusha embe?"

"Halitakosekana."

"Na jiwe hilo litajiita hodari. Na zaidi ya hayo, mfereji ni wa mjomba wako."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno makali tayari, yamepangwa na vina vyake. Hafidha alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Dokta," alisema yeye, "kabatini kuna fomu za msimu uliopita, mashamba thelathini. Hazijaingizwa popote. Kila fomu ina karatasi mbili: ya kwanza shamba lilivyo, ya pili mavuno. Kaa nazo zile za pili. Tupe za kwanza tu. Severini aseme ni mashamba gani yaliyooza."

Dokta alifikiri. "Jiwe moja," alisema.

"Moja tu," nilisema.

Alifungua boksi mwenyewe, akazing'oa pini moja baada ya nyingine, na karatasi za pili akazikalia. Kweli, alizikalia, mtu mzima mwenye udaktari. Mimi nilipitia karatasi thelathini nikitafuta mambo mawili tu, macheo na jioni. Nilipata mashamba tisa. Nikaandika namba zake, nikatia sahihi, nikampa. Kwa upande wake, kwa kufuata ripoti yake, Dokta aliandika mashamba ya mfereji: kumi na sita.

Alianza kusoma mavuno kwa sauti. Shamba la kwanza, zima. La pili, zima. La tatu, limeoza, nalo lilikuwa kwenye orodha yangu. Kwenye la kumi na moja nilikosa; lilioza na sikulitaja. Niliuma kidole. Aliendelea kwa sauti ile ile ya mwalimu anayeita mahudhurio, na kadiri alivyoendelea sauti ikawa inapungua. Katika thelathini, yaliyooza yalikuwa tisa. Manane nilikuwa nimeyataja, na katika niliyoyataja ni moja tu lililotoka zima. Yeye, katika kumi na sita yake, alipata saba.

Dokta Mwinjuma alivua miwani akaifuta kwa shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nilimfuata mtuhumiwa mmoja," alisema. "Hafidha, fungua ripoti. Tunaanza ukurasa wa nne." Kisha akanigeukia. "Na jina lako litakaa mbele, baada ya la Hafidha. Ubeti wako ubaki humo kwenye programu."

Nilitoka nje nikasimama nikiutazama mlima. Nilitaka kupiga kelele mpaka zivuke mto Morogoro. Badala yake nilimpigia mjomba, nikamwambia neno moja: "Umepona."

Ijumaa kikao kilijaa uani kwa mjomba. Salamu peke yake zilichukua nusu saa, na Dokta Mwinjuma alizunguka mabenchi yote, mtu mmoja mmoja, bila kuambiwa. Kisha akasimama akasema mfereji hauna hatia. Wanawake walipiga vigelegele, Castory akarusha kofia, mjomba akanivuta kichwa akakiweka kifuani mwake mbele ya watu wote. Nilikuwa simba siku hiyo. Sioni haya kusema.

Lakini Hafidha alikuwa hajamaliza. Alibandika ukutani mchoro wa mfereji na mashamba yake, akaeleza habari ya macheo na jioni. Watu waliutazama mchoro, na vigelegele vikapungua kimoja kimoja, kwa sababu kila mtu pale anaijua zamu ya maji. Aliye kichwani mwa mfereji huchukua alfajiri. Wa mkiani huchukua jioni. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku ya kwanza, heshima kwa ukoo uliochimba. Kichwani ni kwa mjomba wangu, na shamba lake linatazama machweo. Jua linalikausha mpaka saa kumi na mbili. Mkiani ni kwa Prisca, mjane, na mashamba mengine matano, yote ya macheo. Misimu minne Prisca amevuna kabichi za kuwapa nguruwe.

Mfereji ulikuwa hauna hatia, na zamu ilikuwa na hatia, na zamu ilikuwa ya mjomba Alois. Aliniangalia. Nadhani alitaka kuona kama nilijua. Nilijua tangu jana, na sikuwa nimethubutu kumwambia kwenye simu.

"Mpwa wangu," alisema, "haya umeyaandika wewe?"

"Nimeyaandika, mjomba."

"Na hukuuruka mfereji wetu, wala hukuniruka mimi."

"Nikimruka mmoja, hesabu haitimii."

Alitikisa kichwa taratibu. Kwa umri wake na kwa kiti chake, watu ndio humwendea. Alisimama, akapita katikati ya mabenchi, akavuka ua mzima mpaka mwisho, akasimama mbele ya Prisca aliyekuwa amekaa, akamnyooshea mkono kama mgeni aliyeingia sasa hivi.

"Dada Prisca," alisema, kwa sauti iliyomfikia kila mtu, "kuanzia Jumatatu alfajiri maji ni yako, wewe na wenzako wa macheo. Mimi nitangoja jioni. Na siku utakayonikuta nimeyagusa kabla ya saa kumi, njoo uchukue jembe langu, na mpwa wangu huyu akuandikie ushahidi."